Mteja Mwenye Taulo Kichwani

Kinyozi mmoja watu walimwita Taratibu, kwa sababu kichwa ambacho mwenzake angekinyoa fasta, yeye angekizunguka mpaka mteja asinzie. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: vitabu vya katuni. Alivirundika chini ya benchi la wateja, na kila akisoma alisoma kwa sauti, akibadilisha koo kwa kila mhusika. Mwizi alipewa sauti yake, bibi kizee ya kwake.

Kisha paa likavuja, vitabu vyote vikageuka uji.

"Hamia kwenye simu," mkewe alimwambia. "Humo hamvuji."

Basi jioni hiyo, jua likizama na manyunyu yakianza, Taratibu alivuka barabara kuchukua simu yake kwa fundi simu.

"Nimekujazia katuni mpaka utazichoka," fundi akamwambia. "Unatelezesha kidole tu, ukurasa unakuja."

Alirudi kibandani, akavuta pazia la mlangoni, akakaa kusubiri mvua ipungue. Akafungua katuni ya kwanza. Haikuwa na jina. Haikuwa na rangi.

Picha ilionyesha kibanda cha kinyozi. Kiti kilichochanika mkono, kikafungwa kwa mpira wa baiskeli.

Taratibu akacheka. Akageuka kutazama kiti chake, kilichochanika mkono, kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Akatelezesha kidole. Mlangoni palisimama mtu mrefu, taulo limemfunika kichwa chote. Juu yake palikuwa na neno moja.

"Ninyoe," Taratibu akasoma, kwa sauti nzito.

Picha iliyofuata, kinyozi alikuwa akijibu. Taratibu akasoma: "Nimefunga, ndugu yangu."

"Basi nitakwenda nyumbani kwako. Unaniruhusu?" akasoma tena kwa ile sauti nzito.

"Nenda tu," akasoma jibu la kinyozi.

Mdomo ulitangulia akili. Alipoyasikia maneno hayo yakimtoka, harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imeshajaa kibandani. Pazia likatikisika. Nje, ndala zilizolowa zikaanza kuondoka...

Chapwa. Chapwa. Chapwa.

Kidole kikateleza chenyewe. Sasa ulikuwa uchochoro wa mtaani kwake, na mlango wa nyumba yake. Mtu yule ameupa uso mlango, mkono juu, anabisha.

Simu ikaita. Mkewe.

"Baba," alinong'ona, "umemtuma mtu huku?"

"Mtu gani?"

"Yuko mlangoni. Anasema umemruhusu mwenyewe. Nimchungulie?"

"Usifungue! Mshike mtoto, usi..."

Simu ikakatika. Ile picha ikarudi.

Nyumbani kulikuwa mbali, asingefika. Kingekuwa kitabu cha karatasi angeuchana ukurasa, auteketeze, mambo yaishe. Hiki cha simu utakichanaje? Na kidole gumba kilimwasha, kinataka kwenda mbele, kuona mlango ukifunguka.

Akakiuma kidole hicho. Akakiuma hasa, mpaka damu. Kwa kidole kingine akatelezesha kurudi nyuma.

Mtu akatoka mlangoni. Akarudi uchochoroni, kinyumenyume. Akarudi njiani kwenye mvua.

Chapwa. Chapwa.

Zilikuwa zinakaribia.

Pazia likafunguka. Taratibu hakuinua macho. Kwenye simu maneno yalimngoja: Nimefunga, ndugu yangu. Alijua akiyasoma, yule mtu atageuka tena kwenda kule kule.

Akaizima simu. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kila siku:

"Karibu. Kaa."

Kiti kikalia.

Alikigeuza kisitazame kioo. Akaondoa taulo kwa ncha za vidole, akawasha mashine. Nywele zilikuwa baridi, zimelowa, zinanuka tope. Alizikata zikaanguka, akapitisha mkono akazikuta zimeota tena. Akarudia. Hakuuliza kitu. Shingo ile haikuwa na joto, na mabega hayakupanda wala kushuka kama ya mtu anayevuta pumzi. Maisha yake yote watu walimsimanga kwa uzito wa mkono. Jioni hiyo aliomba mkono uwe mzito zaidi, kwa maana kila dakika ya kiti hicho ilikuwa dakika ya mlango wake kubaki umefungwa.

Mwishowe sauti ikatoka, si mbele, bali nyuma ya sikio lake:

"Inatosha."

Kiti kilikuwa kitupu. Sakafuni hapakuwa na hata unywele mmoja.

Alivuka barabara mbio. Fundi simu alikuwa akifunga duka. Aliposikia habari, funguo zikamdondoka.

"Nisamehe, kaka. Zile katuni nilizitoa kwenye simu ya marehemu mmoja, mganga. Ndugu zake waliniambia nifute kila kitu. Nikaona picha nzuri, nikasema ni hasara."

"Alikuwa mchoraji?"

Fundi akatikisa kichwa. "Wanasema hata kushika kalamu alikuwa hajui."

Waliipondaponda simu kwa nyundo, wote wawili.

Nyumbani, mkewe alikuwa amesukumia meza mlangoni. Binti yao alilala mapajani mwake. Taratibu akawakumbatia.

"Aliondoka ghafla," mkewe akanong'ona. "Kama kitu kimemvuta."

"Hukumjibu neno?"

"Aliuliza tuko wangapi ndani. Nikadhani nikimjibu atakwenda zake. Nikamwambia tuko wawili, mimi na mwanangu."

"Akasemaje?"

Mkono wa mkewe ukashuka polepole, ukatulia tumboni.

"Alicheka. Akasema, 'Mko watatu. Huyo wa tatu nitakuja kumnyoa mwenyewe.'" Akamtazama mumewe, macho yamejaa machozi. "Baba, hata wewe nilikuwa bado sijakwambia."