Mistari ya Damu ya Baba

Kila Jumamosi nikishatoka chuoni kusoma Kurani, humfuata shangazi yangu Amne kwenye maabara yake huko Tunguu. Mie kuota mchana kweupe ndiyo tabia yangu, na maabara ile inanizidishia: ubaridi, mashine zinanguruma taratibu, macho yenyewe yanakuwa mazito.

Siku hiyo shangazi alikuwa akipima damu za wakulima wawili wa tungule, yaani nyanya, wanaopiga dawa ya wadudu: baba yangu, Ubwa, na jirani yetu Makungu.

"Ndani ya chembe nyekundu mna vimeng'enya viitwavyo esterasi," alinieleza. "Sumu ya dawa ikimwingia mtu, kimojawapo hudhoofika. Vishike hivi vichupa viwili kwenye barafu, Mwanakhamis. Usisinzie!"

"Nshasikia, shangazi."

Kusikia nilisikia. Lakini punde nikajiona naelea ndani ya chembe ya damu, kila kitu chekundu, vimeng'enya vinapita vikinisalimia. Nilipozinduka, barafu ilikuwa imeyeyuka na vibandiko vya majina vinaelea majini. Lahaula! Nikavibandika tena kwa kubahatisha, kimya.

Shangazi alidondosha matone ya kila kichupa kwenye jeli laini kama faluda, akapitisha umeme. Vimeng'enya vikaanza safari, kila kimoja kwa mwendo wake. Alipomwagia rangi, mistari ikajitokeza polepole, nikasahau hata kupumua. Ya baba ilikoza yote. Mmoja wa Makungu ulikuwa hafifu sana.

Shangazi akampigia baba simu kumwambia damu yake ni salama.

"Alhamdulillahi! Basi kesho nnapiga dawa," baba alicheka.

Hapo hofu ikanishika. Je, kama nilikosea? Nikaangua kilio, nikasema yote. Shangazi akanipa simu. "Mwambie mwenyewe."

Nilimwambia. Baba akashusha pumzi. "Wallahi naiogopa sindano, mwanangu. Lakini nakuja, na Makungu nnamleta."

Wakatolewa damu upya, na safari hii sikupepesa macho. Mstari hafifu ulikuwa wa baba. Shangazi akampeleka kwa daktari, naye akamkataza kabisa kugusa dawa ya wadudu mpaka damu yake irudi sawa, na Makungu akaahidi kumtunzia shamba.

"Kusinzia nshakusamehe," shangazi aliniambia. "Lakini ukikosea, sema pale pale, hata kama jibu lililotoka ndilo ulilokuwa unaliomba."

Baba akaniwekea mkono kichwani. Ulikuwa ukitetemeka, kama kila alipotoka kupiga dawa shambani. Miezi yote ile mie nilidhani ni uchovu tu.