Kipimajoto Kilichonyamaza

Ijumaa alasiri, baada ya usafi wa mazingira, waliokuwepo katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya msingi nje kidogo ya Ipinda walikuwa hawa: Mwalimu Andongwisye, mlezi wa klabu ya sayansi, Dickson wa darasa la saba, Tusekile na Asifiwe wa darasa la sita. Jubilate, mwanachama mwingine wa klabu, hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kasumulu na mama yake, ambaye huuza mchele mpakani.

Asubuhi ya siku hiyo klabu ilikuwa imepokea vifaranga wa siku moja. Walikuwa katika banda dogo nyuma ya chumba cha kompyuta, wakilia na kusongamana kwenye kona. Vifaranga wa umri huo hawawezi kujitunzia joto, na usiku hakuna mtu anayebaki shuleni kuwaangalia. Kwa sababu hiyo klabu ilikuwa imefunga bandani kipimajoto na taa. Kipimajoto kilitakiwa kuiarifu kompyuta kila joto linapobadilika. Nayo kompyuta, kwa programu ambayo watu wengine huitumia kuendesha taa na feni za nyumbani kwao, ilitakiwa kuwasha taa joto likipungua na kuizima likizidi.

Lakini kwenye skrini, mbele ya neno "Joto", hapakuwa na namba yoyote. Paliandikwa: Haipatikani.

"Kimegoma," alisema Asifiwe. "Labda kinadai posho."

"Tufute kila kitu, tuanze upya," alisema Dickson.

"Hapana," alijibu Mwalimu Andongwisye kwa utulivu. "Tukifuta, hatutajua kosa lilikuwa wapi, na kesho tutalirudia. Tutakagua jambo moja. Likiwa sawa, twende la pili. Lakini mjue hivi: ikifika wakati wa kufunga shule na kipimajoto bado kimenyamaza, nitawakabidhi vifaranga kwa jirani yetu Mama Marta, awafuge yeye; nimeshamwarifu. Kwake lipo jiko la mkaa, na yupo mtu wa kuamka usiku. Sitawaacha hapa wafe."

Tusekile ndiye aliyeomba klabu ifuge kuku. Alikuwa amebeba pumba za mpunga kutoka mashine ya kukoboa, akazitandaza bandani kwa mikono yake, na asubuhi alikuwa amemfundisha kila kifaranga kunywa maji kwa kumchovya mdomo taratibu.

Walianza na umeme. Asifiwe alichungulia bandani na kurudi: kijitaa cha kipimajoto kilikuwa kinawaka. Wakaangalia mtandao wa shule. Kipimajoto kilikuwa kimeunganishwa.

"Sasa, nani atueleze habari za joto zinavyosafiri?" Mwalimu aliuliza.

"Kipimajoto hakizungumzi na kompyuta moja kwa moja," alijibu Dickson. "Kinampa dalali ujumbe, na dalali ndiye anayeufikisha."

"Dalali kama wale wa kakao?" aliuliza Asifiwe.

"Huyu wetu hapunguzi bei," alisema Mwalimu, na wote wakacheka. "Ni programu ndogo tu, na utaratibu anaoufuata unaitwa MQTT. Kila ujumbe hufika kwake ukiwa na anwani. Yeye huangalia ni nani aliyeomba ujumbe wa anwani hiyo, akampa. Kama hakuna aliyeomba, hamtafuti mtu. Je, dalali wetu yuko kazini?"

"Yuko, Mwalimu," alisema Tusekile. "Kipimo cha tangi la maji kinaonekana, na chenyewe kinapitia kwake."

"Umefikiri vizuri. Basi imebaki anwani. Dickson, soma iliyo kwenye kompyuta. Tusekile, soma ile uliyokiandikia kipimajoto."

Dickson alisoma kwenye skrini. Tusekile, akiwa na kishikwambi cha shule mkononi, akasoma ya kwake. Mwalimu alisikiliza, akaomba warudie. Zilisikika sawasawa.

"Hapo hamna kosa," alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilionyesha uchovu.

Wakati huo mtu alibisha hodi. Alikuwa Mama Marta, ameshika tenga lililotandikwa kitambaa.

"Shikamoo, mama," walisema wanafunzi.

"Marahaba, wanangu. Mwalimu, nimesikia hao watoto wa kuku wanakuja kwangu. Tenga langu lililowana kidogo na mvua, lakini nimelianika."

Mwalimu alitazama nje. Jua lilikuwa limeshuka. "Ndaga, asante sana, Mama Marta. Tumejaribu tulivyoweza. Nadhani uwachukue."

Tusekile alimtazama Dickson. Dickson alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayesema: nyamaza. Wote wawili walijua jambo ambalo Mwalimu hakulijua. Jana yake Mwalimu aliwaagiza wanakili anwani kwa kuitazama kwenye skrini, herufi kwa herufi. Wao walikuwa wamechoka kuzunguka jengo kati ya banda na kompyuta. Dickson aliitaja anwani kwa sauti kupitia dirishani, na Tusekile, akiwa amechuchumaa bandani, aliiandika.

Mama Marta alikuwa ameshafika mlangoni akielekea bandani.

"Mwalimu," alisema Tusekile, "sikuinakili kwa kutazama. Niliandika kwa kusikia."

Dickson aliinamisha uso.

"Kwa kusikia kutoka kwa nani?"

"Kwangu, Mwalimu," alisema Dickson. "Nilimtajia dirishani. Tulikwepa kuzunguka."

Mwalimu Andongwisye hakufoka. Alivuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta na kufungua ukurasa unaoonyesha kila ujumbe unaomfikia dalali. Mistari ilianza kupita. Wa tangi la maji ulipita. Halafu ukapita mwingine, wakausoma wote kwa pamoja:

shule/vifalanga/joto 27

"Kumbe kinasema!" alipaza sauti Asifiwe. "Muda wote kinasema! Vifalanga! Dada Tusekile, hao ni ndege wa wapi?"

Tusekile alikiinamia kishikwambi.

"Hebu litamke wewe lile sahihi," Mwalimu alimwambia Asifiwe.

"Vifalanga," alisema Asifiwe kwa kujiamini, kisha akaziba mdomo.

Mama Marta alicheka hadi akaweka tenga chini. "Mbona amesema sawa tu? Vifalanga! Hiyo kompyuta inataka nini zaidi?"

"Inataka r," alisema Mwalimu, naye akitabasamu. "Kinyakyusa chetu hakina r, Mama. Masikio yetu hayasikii tofauti yake na l. Dalali ameletewa ujumbe wa vifalanga, na kompyuta imeomba wa vifaranga. Kwake hizo ni anwani mbili."

Tusekile alifungua kishikwambi, akafuta herufi moja na kuandika nyingine. Safari hii alisimama karibu na skrini, akagusa kila herufi kwa kidole. Neno "Haipatikani" likatoweka. Ikatokea namba. Kwa kuwa joto lilikuwa chini ya kiwango, taa ya bandani iliwaka yenyewe, na Dickson aliyekuwa dirishani aliita, "Wanatoka konani! Wanakwenda kwenye taa!"

Mwalimu alisubiri wote waketi.

"Kuandika l mahali pa r si aibu," alisema. "Mimi nami nilikagua anwani kwa masikio, nikawaambia hamna kosa, na nilikosea. Jambo lililotaka kutupotezea vifaranga ni maneno mawili yaliyofichwa: kwa kusikia. Kwa kuwa sikuyajua, nilitafuta mahali pasipo na kosa. Mtu anayeomba msaada aseme alivyofanya hasa, si alivyoagizwa kufanya. Tusekile amesema akijua atachekwa, na ndiyo maana ile taa inawaka."

Kisha alisimama, akawatazama wanafunzi mmoja mmoja, na mwisho akamgeukia Mama Marta.

"Sikilizeni uamuzi. Kuanzia leo, katika klabu hii, anwani zitakaguliwa kwa macho, na anayeandika hatakuwa mkaguzi wa kazi yake mwenyewe. Dickson ataandika. Tusekile atakagua. Jumatatu Jubilate naye ataelezwa hivyo hivyo. Na wewe, Mama Marta, utusamehe kwa usumbufu: vifaranga wanabaki shuleni."