Dada Alinining'iniza Kichwa Chini na Presha Yangu ya Macho

Miguu juu, kichwa chini, na jicho langu la kushoto limejaa ukungu... Aliyenishika vifundo vya miguu ni dada yangu wa tumbo moja, mwalimu wangu wa yoga.

"Dada, nishushe."

"Pumua."

"Sioni vizuri."

"Nani huona vizuri akiwa kichwa chini? Pumua, mdogo wangu."

Jamani wasomaji, huyu dada alijua. Alijua nina presha ya macho, ugonjwa unaokula uoni kimyakimya kama mchwa. Alijua daktari aliniruhusu yoga kwa sharti moja: kichwa kisishuke chini ya moyo. Mimi ni fundi cherehani. Macho yakizima, sindano naitungaje?

Aliponishusha nilikaa mkekani, nimechoka hata kugomba.

"Daktari wako mwoga," akasema mbele ya darasa lake. "Mimi nasimama kwa kichwa kila asubuhi. Umeniona nimepofuka?"

Wakacheka. Nikacheka nao. Kulia mbele ya watu waliovaa suruali za kubana ni aibu mara mbili.

Ukungu ulitoka, lakini nilikwenda kliniki. Daktari akapima, akashusha pumzi.

"Umeponea chupuchupu. Una ndugu wa damu?"

"Ninaye mmoja. Ndiye aliyenining'iniza."

"Mlete. Ugonjwa huu hutembea kwenye familia."

Kumleta ilikuwa kazi kuliko kushona koti. Alikubali ili anikomeshe tu.

"Nikitoka mzima, utaniomba radhi mbele ya darasa."

Akapimwa. Daktari akatuwekea mezani picha mbili za uoni, yangu na ya dada. Moja ilikuwa na doa dogo pembeni. Ya pili, giza lilikuwa limekula karibu nusu...

"Pole, mdogo wangu," dada akaninong'oneza.

"Hiyo ni yako," daktari akamwambia.

"Mbona naona?"

"Unaona katikati. Pembeni pameshakwenda, na hapatarudi. Tunalinda kilichobaki."

Njiani alinishika mkono, hana hata utani.

"Kwa hiyo wale ninaowakanyaga darasani..."

"Tulidhani ni maringo, dada."

Akacheka kidogo, kisha akalia. Sikuwa na nguvu ya kumlaumu.

Ndugu zangu, presha ya macho haipigi hodi. Ukiwa nayo, muulize daktari mikao ya kuepuka, kisha mwambie mwalimu wako, naye akikudharau, kunja mkeka uondoke. Na nduguyo akiwa nayo, kapime macho nawe.

Siku hizi dada huanza darasa kwa kuuliza, "Nani ana tatizo la macho?"

Wa kwanza kunyoosha mkono ni yeye.