Redio ya Kambo Yakataa Diski

Kila siku baada ya shule, Bénie alipitia kwenye kibanda cha mjomba wake, Tonton David, katika komini ya Annexe, pembeni mwa Lubumbashi. Hapo watu walikuja kutoa fotokopi, kuandikiwa barua kwa kompyuta na kuchomewa diski, yaani kuingiziwa nyimbo ndani ya diski tupu. Siku hizi wengi huweka muziki kwenye simu, lakini kwaya za parokia na wazee wenye redio zao za zamani hawajaachana na diski, kwa hiyo Tonton David hakukosa wateja. Bénie alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alijua kupanga karatasi, kuwasha mashine na kuchoma diski bila kusimamiwa. Alijua kweli, na alihakikisha darasa zima linajua kwamba anajua.

Wiki ile kulikuwa na kazi ya familia. Kambo Régine, bibi yake Bénie (kwao babu na bibi wote huitwa kambo), alikuwa amevaa nguo nyeusi tangu alipofiwa na mumewe, Kambo Donat, mstaafu wa reli. Jumamosi ndugu wote wangekutana nyumbani kwake Kasungami ili kuondoa kilio. Baada ya misa, mjane angevua nguo nyeusi na kuvaa kikwembe kipya, yaani kitenge cha rangi. Muziki, ambao ulikatazwa nyumbani mle muda wote wa kilio, ungepigwa tena, na wimbo wa kwanza ungekuwa ule ambao marehemu mwenyewe aliuimba na kwaya ya parokia, ukarekodiwa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta ya Tonton David. Kambo Régine alikuwa na ombi moja tu: wimbo ule utoke kwenye redio ya mumewe, si kwenye simu ya mtu. Redio hiyo ilikuwa nzee, sehemu yake ya kaseti ilishakufa, lakini diski ilikuwa bado inacheza.

Alhamisi, Tonton David alimkabidhi Bénie diski moja tupu.

"Shika hii CD. Ni ya mwisho, zingine zitaletwa kesho," alisema. "Utagraver wimbo ya Kambo, ile moja tu. Miye naenda kupeleka bikaratasi ku parokia."

"Ndiyo, tonton. Ile kazi ya kuchoma najua."

Mjomba alipotoka, Bénie aliona kwamba wimbo mmoja ni mfupi sana na diski ina nafasi kubwa. Siku ya karamu watu watataka kucheza, si ndiyo? Akaongeza nyimbo mbili anazozipenda, akabonyeza, mashine ikaanza kuunguruma. Katikati ya kazi akakumbuka wimbo mwingine mtamu zaidi ya yote. Akasimamisha mashine ili auongeze.

Diski ilitoka ikiwa imechomwa nusu. Bénie alijaribu kuifuta aanze upya, kompyuta ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa tena. Diski za aina ile huandikwa mara moja tu, na zikiharibika zimeharibika. Alifungua droo, akakuta diski nyingine yenye herufi RW, ambayo Tonton David huitumia kwa majaribio. Hiyo ilikubali kufutwa bila ubishi. Bénie aliingiza wimbo wa Kambo peke yake, akausikiliza kwenye kompyuta, ukalia vizuri kabisa. Akapumua. Diski iliyoharibika aliisokomeza chini ya vitabu ndani ya mfuko wake wa shule.

"Uliisha kazi?" Tonton David aliuliza aliporudi.

"Niliisha, tonton."

"CD niliyokupa iko muzima?"

"Iko muzima," Bénie alijibu, akiangalia ukutani.

Ijumaa, mjomba alileta boksi jipya la diski. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema ukweli na kuchoma diski nyingine kwa dakika chache. Bénie aliona haya. Alijiambia kwamba wimbo ni ule ule, na hakuna atakayejua tofauti.

Jumamosi, ua wa Kambo Régine ulijaa watu. Katika shughuli kama hii, ndugu wa marehemu ndio wanaomruhusu mjane kutoka katika kilio, na siku hiyo mwenye neno alikuwa Tante Virginie, dada wa Kambo Donat. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwingiza mjane chumbani, akamvua nguo nyeusi na kumfunga kikwembe cha bluu chenye maua. Kambo Régine alipotoka nje akiwa amevaa rangi, wanawake walipiga vigelegele. Uso wake ulikuwa mwepesi, na Bénie alifurahi mpaka akasahau diski yake.

"Sasa tumusikie mwenye nyumba," alisema Kambo Régine.

Tonton David aliweka diski ndani ya redio na kubonyeza. Ndani mkasikika mzunguko, kisha kimya. Kioo kidogo cha redio kilionyesha kwamba hakuna diski. Aliitoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Mzunguko, kisha kimya tena. Hapakuwa na diski nyingine ya kujaribia, kwa sababu za zamani zilikuwa zimegawiwa majirani wakati wa kilio.

"Labda ni macho yake ya ndani njo ilichafuka," Tonton David alisema. "Muniletee tournevis, nifungue." Akaletewa bisibisi.

"David, acha redio," Tante Virginie alisema polepole. "Redio haina kosa. Ndugu yangu njo anakatala. Kilio yake haiyaisha, na siye tulikimbilia kuiondoa."

Minong'ono ilianza. Mtu mmoja alisema aliona dalili tangu asubuhi. Watu wa namna hiyo hawakosekani popote. Kambo Régine aliketi kwenye kiti na kushika upindo wa kikwembe chake kipya.

"Kama bwana yangu anakatala," alisema, "muniletee nguo yangu nyeusi. Nitarudilia kuvaa."

Tante Virginie alikwisha kugeuka kwenda chumbani. Bénie aliogopa aibu mbele ya ua mzima, lakini kumwona bibi yake akirudi katika weusi kwa sababu yake kulimtisha zaidi.

"Tante, ngoja!" alipaza sauti. "Kambo Donat hakatale. Ni miye! Ile CD tonton alinipa alhamisi, niliiharibisha siku ile ile. Nikaificha, nikatwaa ile ingine ya mu tiroir, ile ya kufuta. Ku ordinateur ya kibanda ilikuwa inaimba, Kambo. Nilikuwa naogopa kusema."

Tonton David aliweka bisibisi chini, akaitoa diski na kuigeuza juani. Alitikisa kichwa.

"Nilitaka kufungua redio ya mukubwa bure," alisema. Kisha akawageukia watu. "Musikilize. Kuko CD ya kuandika mara moja. Ile iko kama bic ya wino: ukiisha kuandika, haitoke tena. Kuko na CD ya kuandika na kufuta, iko kama chaki ku tableau ya darasa. Lakini hii ya kufuta haiangazi sana. Ordinateur iko na macho ya nguvu, inaiona. Redio hii iko ya zamani. Inaangalia mule, haione kitu, inasema hakuna CD."

Akaeleza zaidi. Katika diski ya mara moja, mwanga wa mashine huunguza rangi iliyo ndani na kuacha alama zisizofutika. Katika diski ya kufutika hakuna rangi ya kuunguzwa. Kuna utando wa madini unaoyeyuka na kuganda upya, ndiyo maana huandikwa tena na tena, ila hurudisha mwanga hafifu. Redio nyingi za zamani hazikutengenezwa ili kuona mwanga hafifu kiasi hicho.

"Na miye niko na kosa," aliongeza. "Nilijua redio hii haipendi ya kufuta, sikumwambia mutoto. Bénie, panda moto, twende."

Walikwenda kibandani kwa pikipiki na kufungua boksi jipya. Safari hii Bénie alisikiliza wimbo mzima kwanza, akauweka peke yake, kisha akakaa mikono magotini mpaka mashine ilipomaliza. Hakugusa kitu.

Waliporudi, Kambo Régine alikuwa bado amevaa kikwembe cha bluu. Tante Virginie alikuwa ameketi karibu naye. Nguo nyeusi haikuonekana. Redio ilizungusha diski, ikakwama kidogo. Kisha sauti nene ya Kambo Donat ikatoka, pana na yenye mikwaruzo, kwaya ikiitikia nyuma yake. Tante Virginie ndiye aliyeanza kulia, na ndiye aliyeanza kucheza.

Wimbo ulipokwisha, Kambo Régine alimwita Bénie na kumshika mkono.

"Mutoto, CD ni kitu ya kununua. Hata ungeharibisha boksi muzima, singekasirika. Lakini uliharibisha alhamisi, unasema leo. Kama ungenyamaza tena kidogo, ningelala mu nguo nyeusi, nikizani bwana yangu alinikatala. Yeye hakusema vile. Ni uongo yako njo ilikuwa inamusemea."

Bénie alilia, na safari hii hakuangalia ukutani.

"Ukiharibisha kitu, unasema siku ile ile," Kambo aliendelea, akimpangusa machozi kwa upindo wa kikwembe. "Siku ile ile. Unasikia?"

"Nimesikia, Kambo."

"Bon. Sasa finya pale ku redio, tumusikie tena."