Mtetemo wa Kilomita Tisini

Ilianza kwenye usukani. Gari likifika kilomita tisini kwa saa, usukani ulitikisika kidogo mikononi mwa mwenyewe, kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Akipunguza mwendo, unatulia. Akirudi tisini, unaanza tena.

Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, na kwenda polepole hakungemfaa. Figo za mkewe zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki ilibidi amfikishe hospitali ya mjini kabla ya saa tatu asubuhi, kwenye mashine ya kusafisha damu. Ukichelewa, nafasi anapewa mwingine, nawe unarudi nyumbani na sumu yako mwilini. Barabara kuu ilikuwa ndefu, na kwa mwendo wa chini ya tisini hawakuwahi.

Dada yake mdogo alikuwa fundi magari huko mjini, jirani na hospitali. Watu walimwita Bi Spana. Hata waliosema gari si kazi ya mwanamke walimpelekea magari yao kimyakimya.

"Mtetemo una anwani, kaka," alisema. "Ukiusikia kwenye usukani, ni magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti, ni ya nyuma, au shafti inayoyazungusha. Niachie mimi."

Akapima balansi ya magurudumu yote manne. Akakagua rimu, beringi, diski za breki, mipira inayoshikilia injini. Vyote vizima. Akabadilisha tairi, gari likatetemeka vilevile. Akafungua shafti, akaikuta imenyooka, akairudisha, na safari hii gari likatetemeka mpaka vioo vya pembeni havikuonesha kitu. Mara mbili wagonjwa wengine wakachukua nafasi yao. Wifi yake akavimba uso, akawa anaongea kwa kuvuta pumzi.

Siku moja, wifi akiwa kwenye mashine, Bi Spana alilipeleka gari barabara kuu peke yake. Tisini. Mia. Mia na ishirini. Liliteleza kama limepakwa mafuta. Alirudi akalizunguka gari mara mbili, maana gari bovu haliponi kwa kubadilishiwa dereva. Aliyekosekana ndani yake alikuwa mgonjwa tu. Na kaka yake hakuwahi kuliendesha barabarani bila mkewe ndani.

Alasiri hiyo akaondoka nao. Alikaa nyuma, dirisha moja yeye, dirisha la pili wifi, katikati hapana mtu. Walipokaribia tisini ikaja harufu ya tope bichi, na nje jua lilikuwa likiwaka na vumbi limetanda. Akaweka kiganja sakafuni, sakafu imetulia. Akaweka mlangoni, mlango umetulia. Akakiweka kwenye ile nafasi ya katikati, na hapo mkono ukakutana na baridi, na kiti kimebonyea kama kimekaliwa, na ule mtetemo alioutafuta wiki tatu amelala chini ya gari na tochi mdomoni ukawa unatoka pale pale, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama kifua cha mtu anayelia na kujizuia asisikike.

"Umemgusa," wifi alinong'ona bila kugeuka.

"Nani, wifi?"

"Sema polepole, kaka yako akisikia atatuangusha. Ni jini. Ananishika mkono tangu siku ile tuliposimama kwenye daraja la mto nitapike, nikaacha mlango wazi. Anataka kurudi kwao mtoni. Kila gari likikimbia anaona anapelekwa mbali, analia hivi."

"Si tumshushe tu?"

"Hataki kushuka peke yake."

Nyumbani hakulala mtu. Walimfuata mganga, mama mmoja mshona nguo, naye asubuhi ya safari iliyofuata akakaa kiti cha mbele na chupa ya maji aliyoyasomea. "Nitamtoa," alisema. "Nyinyi mshikeni mgonjwa. Msimjibu neno. Msimwahidi kitu."

Ilipofika saa moja na nusu walisimama darajani, magari yakiwapita. Mganga alipoanza kusoma, mlango wa nyuma ulifunguka wenyewe. Nyayo za tope zikatokea juu ya lami kavu, mmoja, mwingine, mwingine, kila mmoja mrefu na hauna kisigino, zikielekea ukingoni, na mkono wa wifi ukanyooka mbele kana kwamba umefungwa kamba, akaburutwa, mumewe amemkumbatia kiuno anamsihi Mungu, Bi Spana amemshika miguu, mganga anarusha maji huku sauti ikimkauka, na bado mgonjwa akawa anakwenda, mwepesi kama unyasi, mpaka tumbo lake likalala juu ya chuma cha ukingo na kichwa kikaning'inia upande wa pili.

"Mwachie," Bi Spana alisema. "Nitakuja mimi."

Kila kitu kikasimama. Swali halikuja masikioni, lilikuja ndani ya meno yake, likitetemeka. Lini?

Alifikiri upesi. Daktari alikwishawaambia figo zile hazitapona tena.

"Wifi akipona," akajibu.

Mkono ukaachiwa.

Ndani ya gari mganga alimgeukia. "Umempa ahadi, mwanangu."

"Nimempa tarehe isiyofika."

"Wale hawana haraka," mganga alisema, akafunga chupa yake.

Waliwahi mashine. Gari halikutetemeka tena, miezi saba ikapita, na Bi Spana akaanza kuchekea ujanja wake.

Kisha kaka yake akapiga simu, analia kwa furaha. "Figo zimeamka, mdogo wangu. Daktari mwenyewe haelewi. Mashine basi. Wifi yako amepona."

Bi Spana aliegemea gari alilokuwa akilitengeneza.

"Jumamosi nakuja kukuchukua," kaka aliendelea. "Wifi yako anasema atakupikia mwenyewe."

"Hakuna njia nyingine ya kuja huko, kaka?"

"Itoke wapi? Ni ile ile ya darajani. Haya, ongea naye."

Simu ikapokewa na mkono mwingine. Kwanza ikasikika pumzi tu, kisha mnong'ono.

"Usije, wifi. Gari limeegeshwa uani tangu asubuhi, limezimwa, ufunguo ninao mimi. Linatetemeka."