Osite Aliyerukwa

Alyre Doiron alisoma majina manne. Edmée akasikia matano.

"Nani kasema Osite?" akauliza Edmée. Wawili hao walijitolea kwenye chumba cha nasaba, nyuma ya kanisa la Cap-Pelé.

"Kaoshe masikio, mama."

Huyo ndiye Alyre. Anawatafutia Waakadia, wale Wafaransa wa Kanada, mababu zao bure, na hujawahi kunywa naye kahawa bila kukumbushwa kwamba ni bure. Kule jina la ukoo halimtambulishi mtu, kina Doiron wamejaa kila kichochoro. Unatajwa kwa baba, kwa babu, hivyo hivyo hadi pumzi ikukate: Alyre wa Fidèle wa Philias. Sasa huyo Philias alizaliwa na Osite, msichana asiye na mume. Lo, aibu! Bwana mkubwa Alyre akamruka Osite kwenye orodha, akampachika Philias kwa Anselme, baba yake Osite. Ukoo ukang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Jumapili, kwenye mkutano wa ukoo, mlolongo huo ungetajwa mbele ya wote.

"Alyre wee, mrudishe bibi wa watu," Edmée akanong'ona. "Husikii harufu? Tope la bwawani, na nyasi zilizoungua."

"Nimrudishe malaya nichekwe kijiji kizima?"

Nyuma ya kabati mtu akacheka, kwa adabu kabisa. Edmée akabeba koti lake, huyo! Shujaa wetu akakunja karatasi yake; kumrudisha Osite, hakumrudisha.

Jumapili mchana ukumbi ulifurika, madonge ya viazi yakifuka mvuke sahanini, na Zélica, binti wa Alyre, akapanda jukwaani kuutaja mlolongo, naye Alyre akakenua mstari wa mbele, akaendelea kukenua hata harufu ile ya tope ilipoingia bila mlango kufunguliwa, hata benchi lilipolalia upande mmoja kana kwamba mtu mzito kaketi ubavuni mwake, hata kitu baridi, kinyevu kama ulimi wa ng'ombe, kilipomlamba shingo polepole.

"Mimi Zélica," binti akasema, "wa Fidèle, wa Philias, wa Osite, wa Anselme."

Makofi.

"Umeniruka! Mimi baba yako!" Alyre akafoka, akaruka, akapunga mikono, akamtikisa bega Edmée, aliyeketi nyuma yake. Edmée akajikuna tu, akaendelea kula.

Sauti ya msichana ikamwambia sikioni, kwa upole:

"Hawakusikii. Kaa, kitukuu wangu. Utazoea."