Runinga Iliyoganda Kila Jumapili

Habari hii ni ya kweli kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa meno yangu yote, na msicheke kwamba yamebaki manne. Hayo manne yamekataa kung'oka kwa sababu ya ukweli wangu. Jina langu Mbah Gito. Kwetu kila mzee ni Mbah, awe babu au bibi; mwanamume mtu mzima ni Pak, mwanamke ni Bu. Kabla sijastaafu nilikuwa nafunga na kufungua geti la reli, na siku moja nilisimamisha treni ya mizigo kwa kukohoa tu. Lakini leo siongelei treni. Naongelea runinga ya majirani zangu.

Kijiji chetu cha Sumbergayam huamka kwa harufu ya mafuta ya kukaangia. Kabla mwanga haujashuka kwenye mashamba ya mpunga, Wening, msichana wa darasa la sita, huwa yuko jikoni akimkatia bibi yake tempe, ile mikate ya soya, vipande vyembamba kama kurasa za daftari. Bibi yake, Mbah Rubi, huvichovya kwenye rojo la unga na kuvitumbukiza karaini. Baba yake, Pak Tugi, hunywa kahawa akiwa amesimama, hupeleka tempe sokoni, halafu hushuka mtoni kuchota mchanga wa kujengea. Wening huoga, huvaa sare, huenda shule. Jioni hufanya kazi za shule, huosha vyombo, hulala.

Mama yake hakuwapo. Sulastri alikuwa Taiwan akimuuguza mzee wa watu, na alikuwa na Jumapili moja tu ya mapumziko kwa mwezi. Kwa jasho lake alinunua runinga kubwa na kulipia waya wa intaneti uvutwe hadi nyumbani. Hakuwa anajionyesha. Daktari alikuwa amemwambia Mbah Rubi kwamba macho yake yanafungika kidogo kidogo kutoka pembeni kuelekea katikati. Kilichozimika hakitawaka tena, na kilichobaki kitazidi kupungua. Kwenye simu, uso wa Sulastri ulikuwa mdogo kama punje ya hindi, na bibi hakuambulia kitu. Kwenye runinga angeweza kumwona.

"Sitaki makubwa," alisema Mbah Rubi. "Nataka nimwone mwanangu kabla giza halijaingia. Nijue kama amekonda."

Jumapili ya kwanza walijipanga mbele ya runinga kama wanaopigwa picha ya harusi. Nami nilikuwapo, maana hakuna jambo la maana linalofanyika pale bila mimi. Uso wa Sulastri ukatokea, ukamwita mama yake, "Mak, hujam—" na ukaganda mdomo wazi. Kijiduara kikaanza kuzunguka katikati ya skrini. Kikazunguka hadi chai ikapoa.

"Ameondoka?" aliuliza Mbah Rubi.

"Yupo, Mak. Anazunguka," alijibu Pak Tugi.

Jumanne yake fundi akaja. Akapima waya, akagonga kile kisanduku chenye taa, akafungua filamu kwenye runinga. Ilikwenda kama maji.

"Pak Tugi, mtandao wenu ni mzima," alisema. "Wangu mwenyewe nyumbani haukimbii hivi."

"Sasa mbona Jumapili unakufa?"

"Labda mashetani," fundi alitania, akapanda pikipiki yake akaenda zake.

Mwezi mzima wakasubiri. Jumapili ya pili ikafika, na Sulastri akaganda tena, safari hii macho yamefumba. Mbah Rubi alisogea hadi pua yake ikagusa skrini. Aliona kitu cheupe na kitu cheusi. Aliporudi kuketi, alipapasa kiti kwa mkono, jambo ambalo mwezi mmoja nyuma hakuwa analifanya. Sote tuliona.

Kuanzia hapo kijiji kizima kikawa mabingwa wa mtandao. Bu Warsi wa dukani alisema ni mianzi, inavuta mawimbi. Mwingine alisema kisanduku kifunikwe kwa kitambaa kisipate baridi. Walikifunika, kikapata moto kama chungu. Pak Tugi alikigeuza kielekee kaskazini, kwa kuwa Taiwan iko kaskazini. Kila jioni alirudi kutoka mtoni amechoka, akaketi mbele ya zile taa ndogo za kijani akizikodolea macho kama mtu anayemuuguza mgonjwa asiyesema anaumwa wapi.

Sasa niwaambie alichokijua Wening, na ambacho sisi wakubwa hatukukijua hata kidogo.

Nyuma ya nyumba yao, ukutani kabisa, kuna kibanda cha ulinzi wa kijiji. Usiku wanaume hukesha humo kwa zamu. Mchana ni mahali pa watoto. Juma lile lile waya ulipoingia, rafiki yake Lintang alikuwa amekwama na kazi ya sayansi, kwao bando limekwisha. Wening akamnong'oneza neno la siri la mtandao. Lintang alimaliza kazi yake, akamwambia dada yake. Dada akamwambia binamu. Wiki haijaisha, kibandani kulikuwa na kundi zima, kila mmoja na simu, wakicheza michezo na kutazama video. Siku za shule walikuja jioni. Jumapili walikuwa pale tangu asubuhi.

Wening alipopita walimpisha kama binti mfalme.

"Haya, haya, mwenye mtandao kapita! Mpeni nafasi akae!"

"Wening, chukua vitafunio hivi vya nazi, mama kapika."

Hapo kabla walikuwa wanamwita Harufu ya Mafuta. Kwa hiyo akanyamaza. Jumapili ya kwanza alijiambia ni bahati mbaya. Jumapili ya pili alijua, na tangu siku hiyo vitafunio vya nazi alivitia mfukoni bila kuvila. Mara mbili alifungua mdomo amwambie baba yake, mara mbili akauliza kama sukari ya kahawa inatosha.

Nami niliwaonea huruma, nikatoa utaalamu wangu.

"Tugi," nilimwambia, "mtandao ni kama maji ya mvua. Ukitega chombo kipana, unakinga mwingi. Weka karai juu ya paa. Mimi enzi zangu niliweka karai pale getini nikanasa Japani. Mtabiri wao wa hali ya hewa aliniinamia, nami nikamwinamia."

"Mbah, hiyo ni kweli?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Pak Tugi hakujibu swali hilo. Lakini mtu aliyekwisha kujaribu kila kitu hujaribu na cha kipuuzi. Jumamosi, mkesha wa Jumapili ya tatu, alichukua karai la bati, akalifunga kwenye mti mrefu wa mwanzi, akapanda paani.

"Baba, shuka," Wening alisema kutoka chini. Uso wake ulikuwa umepauka. "Baba, halitasaidia."

"Wewe unajuaje?"

Wening akatazama chini. "Sijui, Baba."

"Sogeza kushoto kidogo, Tugi," nilielekeza. "Hapo, hapo, Japani iko mkono wa—"

Kigae kikateleza. Karai lilitangulia, likabingirika uani likilia kama ng'oma, na Pak Tugi akafuata. Aliangukia mkono wa kulia. Sauti ile ya mfupa nimejaribu kuisahau. Siwezi kuipamba, na sitaki.

Zahanati walimfunga plasta kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko. Wakamwambia mchanga asahau mpaka mfupa uunge. Jumapili asubuhi alikuwa ameketi mbele ya runinga, mkono umening'inia shingoni, na karai lipo paani, maana watu wema walilipandisha wakati yeye yuko zahanati, ili asiwe amevunjika bure. Sulastri akatokea. Akaona plasta. Akampigia mumewe kelele, "Mas, mkono um—" Akaganda.

Kijiduara kikazunguka.

Mbah Rubi alisubiri kidogo, halafu akajifunga kanga yake vizuri na kusimama.

"Uzeni hiyo runinga," alisema taratibu. "Pesa yake itatusogeza mpaka Tugi apone. Sulastri nitamkumbuka alivyokuwa siku aliyoondoka. Alikuwa mnene mnene. Inatosha."

Pak Tugi alitazama plasta yake. Mimi nilitazama sakafu. Nje, kibandani, watoto walikuwa wanashangilia mchezo wao.

Ndipo Wening akalia. Hakulia kwa kwikwi za mtoto anayetaka kubembelezwa. Alilia huku anaongea, maneno yanagongana.

"Ni mimi. Niliwapa neno la siri. Wote wale wa kibandani. Kwanza nilimpa Lintang tu, halafu wakawa wengi, nikaogopa kusema. Siyo mianzi. Siyo paa. Baba kaanguka kwa sababu yangu."

Pak Tugi alifumba macho muda mrefu. Nilidhani atamfokea. Alichofanya ni kuchukua simu kwa mkono wa kushoto, akampigia fundi na kumweleza.

"Kumbe!" sauti ya fundi ilisikika chumba kizima. "Basi rahisi. Mwambie binti abadilishe neno la siri, nitamwelekeza. Ila Pak, hapa rafiki yangu kanionyesha picha ya nyumba yenu inayosambaa kijijini. Waya wenu unapita chini ya mlango. Karai paani la nini?"

Pak Tugi alinitazama. Mimi nikaona ni wakati mzuri wa kukohoa.

Wening alifuata maelekezo. Aliandika neno jipya, akabonyeza. Taa za kisanduku zikazimika, zikawaka. Kibandani kukazuka vilio.

"Heee! Imekata!"

"Nilikuwa nashinda jamani!"

"Wening! Wening, umetuzimia?"

Alitoka akasimama mbele yao, macho mekundu. "Nimebadilisha," alisema. "Nilikosea kuwapa bila kuuliza nyumbani. Bibi yangu anataka kumwona mama." Mmoja akafyonza na kumwita Harufu ya Mafuta. Lintang akamkanyaga yule mguu, na wakatawanyika mmoja mmoja.

Kisha Sulastri akapiga tena. Uso ukaijaza runinga, mkubwa kama sinia la harusi, na haukuganda. Aliuliza habari ya mkono, akalia, akacheka, akauliza tena. Mbah Rubi alisogeza kiti hadi karibu kabisa. Kile kitundu cha nuru kilichobaki kwenye macho yake hakikutosha uso mzima, kwa hiyo alikisogeza kichwa chake polepole, akaokota jicho moja, akaokota la pili, pua, mdomo, kidevu, mpaka akamkusanya mwanawe wote.

"Umekonda," alisema.

"Sijakonda, Mak."

"Umekonda. Na nywele umekata. Kwa nini umekata nywele?"

Wakaongea mpaka adhuhuri. Mwezi ujao huenda ataokota kidogo zaidi ya hapo, au asiokote kitu. Daktari hakuwaahidi lolote. Lakini Jumapili hiyo alimwona.

Baadaye alimwita Wening akamketisha karibu, Sulastri akiwa bado yuko kwenye runinga anasikiliza.

"Nduk, mjukuu wangu," alisema, "kumpa Lintang asome hukukosea sana. Ungetuuliza, tungekubali. Hata sasa aje, akae mezani hapa, asome nawe siku za shule. Kosa lako ni pale ulipotuona tunahangaika ukajua sababu, ukafunga mdomo. Siku ya kwanza lingekuwa jambo la kusema sentensi moja. Ulilinyamazia, likanila miezi miwili ya macho yangu, likala mkono wa baba yako. Ukikosea, sema upesi, hata kama sauti inatetemeka. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mbah. Nisamehe. Baba, nisamehe."

"Njoo unishikie kikombe," alisema Pak Tugi. "Kwa mkono huu namwaga." Hivyo ndivyo alivyomsamehe.

Hapo ndipo nilitaka kumalizia habari hii, pazuri, kila mtu analia kidogo. Nilisimama, nikaaga, nikapitia jikoni alikokuwa Wening.

"Nduk," nilimnong'oneza, "hilo neno jipya ni lipi? Nataka nilihifadhi tu, kwa usalama, mkisahau."

"Gito!" Sauti ya Mbah Rubi ilitoka sebuleni. "Rudi hapa."

Nikarudi.

"Kila Jumapili, hata ukiwa umeketi hapa, nasikia maigizo na ngoma za upatu kutoka nyumbani kwako. Nilidhani redio. Leo, watoto walipopiga kelele kwamba imekata, upatu wako nao ukanyamaza papo hapo. Nimepungukiwa macho, Gito. Masikio ninayo."

"Mbah Gito?" Wening alinitazama kana kwamba nimemwibia kandambili. "Na wewe ulikuwa unatumia?"

"Lintang alinipa," nilisema. "Nilidhani simu moja ya mzee mmoja, hata nikiiacha nyumbani inaimba, haiwezi kuwa kitu."

"Kila mtu kibandani alidhani hivyo," alisema Pak Tugi. "Na ukanipandisha paani huku unajua?"

Sikuwa na hadithi ya kujibia. Na mambo yakawa mabaya zaidi, kwa kuwa Sulastri alikuwa bado hajakata simu. Alikuwa amesikia yote, wazi kabisa, bila kuganda hata silabi moja.

"Mak," alisema kutoka Taiwan, "nani anapeleka tempe sokoni sasa, Mas akiwa na plasta?"

Wote wakanigeukia.

Kwa hiyo hivi sasa, kila alfajiri, nabeba kapu la tempe kupandisha kilima hadi sokoni, na nitalibeba mpaka mfupa wa Tugi uunge. Wening hunisindikiza hadi njia panda ya shule. Jana nilipumzika kwa Bu Warsi, nikamwambia kwamba kapu hili si kitu, enzi zangu nilibeba kichwa cha treni mgongoni kutoka stesheni moja hadi nyingine.

"Mbah," alisema Wening nyuma yangu.

Nikanyamaza. Nikainua kapu, nikaendelea kupanda.